Taja, Rudia, Andika

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa mtoto. Bwana Msimamizi alinionyesha ubao mrefu uliokuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, huko Namtumbo, akasema, "Kazi yako ni ule. Utaubeba, utausimamisha, utaufuta. Watoto waachie waliosoma."

Nikamwuliza ubao wenyewe ni wa nini.

"Wa kupimia mifupa. Na usiulize tena, tumechelewa."

Tulikuwa tumechelewa kwa sababu yake yeye, aliyesimamisha gari la mradi mara tatu njiani kununua mihogo, kuku na mkungu wa ndizi. Lakini bosi hachelewi; wanaochelewa ni watu wengine wote. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na halikuandikwa kwenye mwongozo.

Nawaandikia ninyi mnaopima siku hizi kwa vishikwambi, ambao mkinikuta hapa Bombambili, Songea, mnaniamkia "Shikamoo, Babu Sentimita," halafu mnaniuliza kama ni kweli zamani tulitumia penseli. Tulitumia. Na kwa penseli ile niliharibu jambo ambalo nanyi mnaweza kuliharibu kwa kishikwambi kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo someni mpaka mwisho, msirukeruke kama mnavyoruka maelekezo.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, wala ada haikukosekana. Nilitaka kuona ziwa, nikaenda kuliona, na nilipokumbuka kurudi darasa lilikuwa limeshanipita. Niliuza samaki wakavu kutoka Nyasa, nikachimba mawe ya vito Tunduru nisipate hata la kufungia mlango, nikatengeneza baiskeli hapa hapa Bombambili. Mwaka nilioingia kwenye upimaji nilikuwa nachochea moto kwenye bani la tumbaku, kile kibanda cha udongo cha kukaushia majani. Nilitoka nje kupumua, nikaona watu wa gari jeupe wanahangaika na ubao wao kwenye mteremko.

"Ubao wenu umeinama," nikawaambia.

Wakakataa. Nikachukua kopo la maji nikamwaga kidogo juu ya kitako cha ubao, maji yote yakakimbilia kushoto. Mama mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari, akacheka mpaka akavua miwani. Huyo ndiye alikuwa Mtafiti Mkuu. "Mchukueni huyu," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, nikiwa nanuka moshi, na Bwana Msimamizi hajanisamehe yale maji hadi leo.

Mwaka mzima nilibeba ubao. Kubeba kunafundisha kuliko semina, kwa sababu mbeba mzigo hakuna anayemficha kitu. Nikajua kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelazwa, na aliyezidi hapo husimama, visigino vimegusa ubao, macho yakitazama mbele. Nikajua kalipa ya goti, chombo kama mkono wa kaa, kinachobana kisigino upande mmoja na goti upande wa pili ili kupata urefu wa muundi. Nikamwuliza Mtafiti Mkuu kwa nini mradi unapima mifupa na meno kwa pamoja, kana kwamba ni ndugu.

Akanijibu vizuri, kwa sababu yeye alipenda kuulizwa. Mfupa, alisema, unasimulia njaa. Mtoto akikosa chakula au akiugua mara kwa mara, muundi unasita kukua, na ndiyo tunasema amedumaa. Jino ni kaidi zaidi. Hutoka karibu na wakati wake hata nyumba ikiwa na njaa. Kwa hiyo pale ambapo mama amepoteza kadi ya kliniki na hakumbuki mwezi, meno hutusaidia kukisia umri, na ukiwa na umri ndipo urefu wa mfupa unapata maana. "Mfupa peke yake ni namba," alisema. "Ukiwa na jino, ni habari."

Nilipopandishwa kuwa mpimaji, nikakuta uchafu ambao nikiwa mbeba ubao nilikuwa nauona na kunyamaza. Kila kipimo kilitakiwa kuchukuliwa mara mbili, mtoto anyanyuliwe kabisa na kulazwa upya. Vikipishana zaidi ya nusu sentimita, mnaanza tena. Wenzangu wengi walipima mara moja, kipimo cha pili wakakitoa kichwani: cha kwanza sitini na nne nukta nne, cha pili sitini na nne nukta tano. Mwingine namba zake zote zilikuwa zinaishia na sifuri au tano, kana kwamba watoto wa Namtumbo walikuwa wameagizana namna ya kukua. Nilimwambia Bwana Msimamizi.

"Kastori," akasema, "wewe umesoma mpaka wapi?"

"La tano, bosi."

"Huyo unayemshtaki ana diploma."

"Ndiyo. Lakini mtoto hakulazwa mara ya pili. Nilikuwepo."

"Utaratibu upo. Taja, rudia, andika. Fuata huo, mengine niachie mimi."

Huo ndio uliokuwa msingi wa kazi yetu, na lazima niueleze kwa sababu ndio ulioniponza. Mpimaji anasoma kipimo na kukitaja kwa sauti kubwa. Mwandishi anakirudia kwa sauti kubwa. Mpimaji anasema "ndiyo", kisha mwandishi anaandika. Ni utaratibu mzuri kwa mifupa, kwa kuwa hakuna mtu anayeona haya kwa sababu ya muundi wake. Mwandishi wangu alikuwa Mwanaidi, Myao wa Tunduru, dada mwenye mwandiko wa kupendeza na ulimi wa wembe. Mimi nilikuwa na sauti, na nilijivunia. Nikitaja "sabini na moja nukta tatu", waliokuwa kisimani walikuwa wanasikia.

"Kaka Kasto," Mwanaidi alikuwa ananiambia, "mimi nimekaa hapa, hatua moja. Hao unaowatangazia ng'ambo ya mto, wao wanaandika wapi?"

Meno nayo tuliyafanya hivyo hivyo. Unanawa, unapitisha kidole kwenye ufizi. Jino linahesabiwa kuwa limeota pale ncha yake inapokukwaruza, uvimbe hauhesabiwi. Kisha unataja: juu mangapi, chini mangapi. Mwandishi anarudia.

Sasa, kwa mgeni wa huku: watoto wengi huanza na meno ya chini. Wachache huanza na ya juu, na mtoto huyo huitwa kigego. Kwa daktari ni jambo dogo tu, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Lakini katika nyumba nyingi wazee waliamini kwamba kigego ni balaa, kwamba mkubwa wa nyumba hataishi. Imani hiyo haikuwa ya kabila moja wala ya dini moja. Na wale waliotunga fomu yetu mjini, watu wenye shahada, hawakumwuliza bibi hata mmoja kabla ya kutuambia tutaje meno kwa sauti.

Mimi, hata hivyo, sikuwa na kisingizio, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa. Miezi yangu ya mwanzo ya upimaji, mama mmoja nitakayemwita Bertha alikosa foleni, tukamfuata nyumbani kwa wazazi wake, alikokuwa anaishi. Ndani tulikuwa mimi, Mwanaidi, yeye na mtoto wake, Fidelisi. Nikataja: "Juu mawili, chini sifuri." Mwanaidi akarudia kwa kunong'ona. Bertha akanishika mkono, vidole vikiwa baridi.

"Kaka yangu, mama asijue. Baba anakohoa tangu mwaka juzi. Mama akijua ni huyu, sina pa kwenda."

Nikamwahidi. Tena nilijiona mtu mwema kwa kuahidi.

Mwaka na nusu baadaye, kijiji kile kile, siku ya kupima, foleni ilikuwa ndefu na wanawake wakipiga soga. Mbele yangu akaketi Xaveria, mke wa kaka yake Bertha, binti wa kutoka Mshangano, pembeni mwa Songea, aliyeolewa kule Namtumbo na mkulima wa tumbaku aitwaye Kasiani. Amempakata mtoto wake wa kike, Otilia. Nyuma yake, mtu wa tatu kwenye foleni, alisimama mama mkwe wake, Bibi Atanasia, aliyekuja na mjukuu mwingine. Huyo mjukuu mwingine, kwa taarifa yenu, alikuwa Fidelisi wa Bertha.

Nilikuwa nimeshapima watoto wengi asubuhi ile, mgongo unauma, Bwana Msimamizi anatazama saa. Kidole changu kikapita kwenye ufizi wa chini: laini. Kikapita juu: kikakwaruzwa mara mbili. Na mdomo, uliokwisha kuzoea kutangulia kichwa, ukasema:

"Juu mawili, chini sifuri."

Mwanaidi hakurudia. Penseli yake ilisimama. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi, bila hata kuinua uso, nikakasirika kwamba mwandishi wangu amelala kazini.

"Rudia!" nikasema. Alipoendelea kunyamaza, nikasema tena, kwa ile sauti ya kisimani: "Juu mawili! Chini sifuri!"

Soga ikakatika. Nilipoinua macho, Xaveria alikuwa ameshaufunika uso wa mtoto kwa khanga. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma, kwa mama mkwe.

Bibi Atanasia hakupiga kelele. Alimhamishia Fidelisi bega la pili, akasema taratibu, "Basi kumbe," akatoka kwenye foleni akaenda zake.

Mwanaidi akaandika. Jioni kwenye gari hakunitania, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nilichofanya. Tulipofika Songea alishuka, akarudi dirishani, akasema, "Ulikuwa unajua, Kaka Kasto. Fomu haikuwa inajua. Wewe ulikuwa unajua."

Miezi mitatu baadaye tulirudi kupima tena, na sikuona kitu isipokuwa midomo iliyofungwa. Wanawake walikubali urefu, wakakubali mzingo wa mkono, wakakubali muundi. Ikifika zamu ya meno, mtoto amelala, mtoto ana vidonda, mtoto anauma. Waliokubali kusema walisema jambo moja: chini, chini, chini. Otilia hakuwepo. Jirani alisema Xaveria amerudishwa kwao na mtoto, ili baba mkwe apone.

Nilimweleza Bwana Msimamizi. Nikamwambia kosa ni langu, lakini pia ni la utaratibu. Nikapendekeza kingine: tuchore taya kwenye kadi, mpimaji aangalie mdomo na kuweka alama kimya, kisha mwandishi naye aangalie mdomo mwenyewe na kuweka alama kwenye kadi ya pili, halafu kadi zilinganishwe. "Maana kurudia kwa sauti kunathibitisha masikio tu, bosi," nikasema. "Hakuthibitishi kwamba jicho limeona sawa."

"Unataka kubadilisha mwongozo wa kitaalamu kwa sababu ya ushirikina?"

"Nataka kuubadilisha kwa sababu kuna mtoto amefukuzwa kwao."

"Mtoto aliyehama ana namba yake. Andika tisa."

Tisa maana yake ilikuwa "amepotea kwenye ufuatiliaji". Nikashika penseli. Nikatazama kile kisanduku kidogo. Otilia hakuwa amepotea. Nilikuwa najua alipo, na nilikuwa najua aliyemfikisha huko. Nikaacha kisanduku kitupu, na kwa kisanduku hicho kitupu nikapewa barua ya onyo.

Jumamosi iliyofuata nilifunga ubao wa kulalia, mizani na kalipa kwenye baiskeli, nikaenda Mshangano. Xaveria alikuwa anapukuchua mahindi kwa wazazi wake. Alikuwa amekonda. Aliniona tangu barabarani, hakuinuka.

"Karibu, Bwana Spika," akasema. "Umekuja kutangaza nini leo?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na kumpima Otilia, ukiruhusu."

"Radhi uliyoniomba peke yangu, nani ataisikia? Lile uliwaambia wote."

Nikakaa chini, nikasaidia kupukuchua. Gunia lilipofika nusu akamleta mtoto. Nilimpima bila kutamka neno, mara mbili, nikimnyanyua na kumlaza upya. Uzito ulikuwa umeshuka, muundi ulikuwa haujasogea karibu hata kidogo tangu mara ya mwisho. Nikamwonyesha mama yake daftari, akasoma, akafuta macho kwa nyuma ya kiganja. Nyumba ile ilikuwa na watoto wengi na mahindi machache. Kama angebaki hivyo, mwaka ule Otilia angedumaa, na kudumaa kwa umri ule hakurudishwi kwa urahisi.

Nikaamua kwenda kwa Bibi Atanasia. Njia nzima ndani ya basi la Namtumbo nilikuwa napanga maneno, na maneno yalikuwa rahisi mno. Kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Fidelisi, yule mjukuu kipenzi, naye alianza na meno ya juu. Tangu akiwa ananyonya alikuwa analazwa mkeka mmoja na babu yake, na babu alikuwa hai, anakohoa vile vile, wala hazidiwi. Ilikuwa kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri wa Mwanaidi. Sentensi moja tu, na Xaveria angerudi kwake.

Bibi alinipokea kama mgeni wa heshima, na hilo lilinitesa kuliko angenifukuza. Akanipa togwa.

"Wewe mwanangu ndiye uliyetuokoa," akasema. "Usingesema, tungekaa na jambo ndani ya nyumba bila kujua."

"Bibi, lile halikuwa jambo. Ni meno. Watoto wengine huanza juu, wengine chini."

"Ndivyo mnavyofundishwa shuleni."

"Mimi shule niliacha la tano."

"Basi ndiyo maana una heshima."

Uani, kwenye mkeka, mzee alikuwa amejilaza, na Fidelisi amelala kwenye mkono wake, mdomo wazi, meno yote nje. Ningeweza kuyahesabu nilipokaa. Bertha alikuwa jikoni. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama, wala hapepesi macho. Sentensi ile ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikaona kwamba nilikuwa nataka kulipa deni la nyumba moja kwa kuvunja mlango wa nyumba ya pili, na kwamba mdomo wangu ulikuwa umejifunza njia hiyo na ungeipita tena na tena ukiachiwa. Nikanywa togwa. Ikabaki nusu. Nikainywa yote.

"Nashukuru, Bibi," nikasema. "Mimi niende."

"Huondoki mikono mitupu." Na bila aibu yoyote akanifungia kuku jike, shukrani kwa kumwokoa mume wake. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu ni dharau. Basi nikawa natembea kwenda stendi na kuku kwapani, nikiwa na hasira na bibi, na fomu, na kuku, na zaidi na mimi.

Bertha alinifuata mpaka njia panda.

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia asante kwa togwa."

"Na lile lingine?"

"Lile si langu."

Kisha akasema, "Ungesema, ningekuchukia maisha yangu yote. Hukusema, na sasa limebaki kwangu." Akageuka akarudi, anatembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Yule kuku nilimpelekea Xaveria. Aliniuliza ametoka wapi, nikamweleza kweli. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu siku ya foleni, akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo mama mkwe amekulipa, na mimi nimepata mahari ya kufukuzwa!" Hakumchinja. Otilia alianza kula mayai.

Mengine sikuyaona, nilisimuliwa. Bertha alikaa na neno lake karibu miezi miwili. Siku moja mama yake aliposema afadhali nyumba imesafishwa, Bertha akamwekea Fidelisi mapajani na kumwambia. Bibi Atanasia alikaa siku tatu hasemi na mtu. Akimtazama mtoto, akimtazama mzee. Mzee mwenyewe, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza tangu mwanzo, alisema yeye anakohoa kwa sababu ya miaka aliyokaa ndani ya mabani ya tumbaku, na mtu asimguse mjukuu wake.

Siku ya nne bibi alipanda basi kuja Mshangano, mkononi mfuko wa karanga. Alipoingia uani hakusalimia kwanza. Alikuwa amemtambua kuku.

"Huyu kuku ni wangu," akasema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ametotoa?"

"Saba."

"Hapa wanakula vizuri." Akakaa. Baada ya muda akanyoosha mikono apewe mtoto, akapewa. Hakuna aliyemsikia akiomba radhi. Xaveria anasema aliweka kidole kwenye mdomo wa Otilia, akakipitisha juu na chini kama mpimaji, akakiacha kiumwe.

Lakini Xaveria hakurudi Namtumbo. Alisema nyumba iliyomtoa kwa neno la mpita njia itamtoa tena. Kasiani, baada ya kulalamika msimu mzima, akaacha tumbaku akahamia Mshangano, akalima mahindi na maharage kwa wakwe zake, jambo ambalo wanaume wenzake walimcheka nalo kwa miaka. Nilimpima Otilia kila baada ya miezi mitatu hadi mradi ulipokwisha. Muundi ulianza kusogea. Kwa milimita, lakini kwa kila kipimo.

Kuhusu kadi za taya: mradi uliofuata, Tunduru, tulikuta mwongozo mpya umebandikwa ukutani. Meno yasitajwe kwa sauti. Yachorwe kwenye kadi mbili na kulinganishwa. Chini yake paliandikwa, "Kwa pendekezo la Msimamizi wa Uwandani." Mwanaidi alinisomea mara mbili, makusudi. "Rudia, Kaka Kasto," akaniambia. Nikarudia. Nilitaka kuchana karatasi ile, kisha nikatazama foleni ya akina mama wakulima wa korosho, wanafungua midomo ya watoto wao bila kutazama nyuma, nikaiacha ukutani.

Nilifanya miradi mingine mingi. Nilipima mifupa ya wazee kwa mashine ya kisigino, inayosikiliza mfupa kwa mawimbi ya sauti ili kujua kama umekuwa mwepesi. Nilihesabu meno ya watoto wa shule yaliyobadilika rangi kwa sababu ya maji. Nilipata mabosi wema na mabosi wa kununua mihogo njiani. Kila mmoja aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Hakuna aliyeniuliza nimekosea wapi, na hilo ndilo swali ambalo lingewasaidia.

Mtu wa mkataba hastaafu, huacha kuitwa. Mimi niliacha kuitwa mwaka walipoleta vishikwambi. Nikakaa kibarazani kwangu, nikarudia kutengeneza baiskeli za watu, na vijana wa utafiti wanapita kuniuliza namna ya kumtuliza mtoto anayerusha miguu. Nawajibu nikinung'unika, kwa sababu wanauliza huku wanatazama simu. Watoto hawabadiliki. Bado wanapiga mateke, na bado kuna mpimaji anayeandika kipimo cha pili kutoka kichwani. Ninamjua kwa sifuri zake.

Majina humu nimeyabadilisha, na mambo ya Bertha nimeyaandika kwa ruhusa yake. Jina moja tu ni la kweli, la Otilia, kwa kuwa mwenyewe amenikataza kulibadilisha. Alikuja mwezi uliopita kwa bodaboda kutoka Mshangano, mwanamke mrefu, kunizidi mimi, amebeba mtoto wake wa kwanza mgongoni. Kibarazani palikuwa na wateja wawili wanangoja baiskeli, na jirani yangu mama wa makamo anachambua maharage.

"Shikamoo, Babu. Nimekuletea mtu wa kupima."

"Marahaba. Sina tena ubao, mwanangu."

"Kidole unacho," akasema, akimshusha mtoto mgongoni.

Nikanawa kwa sabuni, polepole, kama nilivyofundishwa. Nikapitisha kidole chini: laini. Nikapitisha juu. Nikakitoa haraka, nikamwinamia Otilia sikioni. Yeye akarudisha kichwa nyuma.

"Sema kwa sauti, Babu."

"Wewe, kuna watu hapa."

"Ndiyo maana."

Nilitaka kumkemea. Nilitaka kumwambia anajua nini yeye, hakuwa hata na fahamu siku ile. Lakini alikuwa amesimama wima, mtoto mkononi, macho kwangu, na yule jirani alikuwa ameacha kuchambua. Nikakohoa. Sauti yangu siku hizi haifiki kisimani.

"Juu mawili," nikasema. "Chini sifuri."

Otilia akawageukia wote waliokuwepo.

"Juu mawili, chini sifuri!" akarudia, safi kama mwandishi.

"Ndiyo," nikasema.

Hakuna aliyeandika. Jirani alitazama mtoto, akatazama mama, kisha akasogeza ungo wake akampa Otilia nafasi ya kukaa.